Kutoka Benchi la Maabara hadi Kiti cha Mgonjwa: Niliyojifunza Nikisomea Utaalamu wa Meno ya Bandia

Fundi sanifu wa maabara ya meno anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona hata mmoja wa watu anaowatengenezea meno. Kwangu ilikuwa hivyo. Baada ya kuhitimu stashahada ya teknolojia ya meno hapa Melbourne, niliajiriwa katika maabara iliyopokea kazi kutoka kliniki mbalimbali, na kila asubuhi nilikuta mezani visanduku vya plastiki, kila kimoja kikiwa na vipimo vya kinywa, yaani alama za ufizi na meno zilizochukuliwa kwa ute unaoganda, vilivyofungwa vizuri, karatasi ya maagizo ya daktari, rangi ya meno iliyochaguliwa na tarehe ambayo mgonjwa alitarajiwa kurudi. Nilimwaga jasi, nikapanga meno juu ya nta, nikapika akriliki, ile plastiki ngumu inayotengeneza ufizi wa bandia, nikasaga na kung'arisha, kisha kisanduku kikarudi kilikotoka. Nilikuwa mithili ya mshonaji anayeletewa vipimo na mtu mwingine, akashona suti nzuri, asijue kamwe kama ilimkaa mwenyewe au ilimbana kwapani.

Kilichonisukuma kurudi darasani ni visanduku vilivyorudi. Mara nyingine meno niliyoyamaliza kwa uangalifu mkubwa yalirejeshwa yakiwa na kijikaratasi chenye maneno machache: yanalegea, yanagonga anapoongea, anasema hawezi kula nayo. Nikiweka meno yale juu ya kielelezo cha jasi, ile nakala ya kinywa inayotokana na kipimo, yalikaa barabara, bila kutikisika. Kwa hiyo tatizo lilikuwa mahali ambapo mimi sikuwa na ruhusa ya kufika, yaani ndani ya kinywa cha mtu, na hakuna kijikaratasi kilichoweza kunieleza kilichokuwa kikiendelea huko.

Australia ina njia ya kisheria inayomruhusu fundi kufika huko. Mtaalamu wa meno ya bandia katika nchi hii ni mhudumu wa afya anayejitegemea: humpokea mgonjwa moja kwa moja bila barua ya daktari wa meno, humchunguza, huchukua vipimo, hutengeneza meno ya bandia ya kuvaliwa na kuvuliwa, humvisha, na humfuatilia baadaye. Haki hiyo haikuja yenyewe. Kwa muda mrefu mafundi wa meno walikuwa wakihudumia watu kwa mlango wa nyuma, kinyume cha sheria, kwa sababu watu wasio na uwezo waliwafuata wenyewe, na jimbo la Tasmania ndilo lililotangulia kuwatambua rasmi katika miaka ya 1950, majimbo mengine yakafuata baadaye. Tangu tarehe 1 Julai 2010 usajili ni wa kitaifa, chini ya Bodi ya Meno ya Australia na mamlaka ya kitaifa ya usajili wa wahudumu wa afya, inayojulikana kwa kifupi kama AHPRA. Mfumo huo mpya haukuwajumuisha mafundi wa maabara. Maana yake ni kwamba siku nilipokuwa benchi, jina langu halikuwa kwenye daftari lolote la wahudumu wa afya. Leo mtu yeyote anaweza kulitafuta jina langu mtandaoni, akaona kama nimesajiliwa na kama nimewekewa masharti yoyote. Nchi nyingine zina taratibu zao. Kanada wataalamu hawa huitwa madenturisti. Uingereza wanaruhusiwa kumhudumia moja kwa moja mtu asiyebakiwa na jino hata moja, lakini mwenye meno yake mengine ni lazima aonwe na daktari wa meno kwanza.

Masomo yenyewe nchini hapa hutolewa kwa ngazi ya stashahada ya juu kwa wale ambao tayari wana stashahada ya teknolojia ya meno, au kwa ngazi ya shahada katika chuo kikuu. Mimi nilipita njia ya kwanza, na nilifanya kazi maabara huku nikisoma. Wengi wetu darasani tulikuwa mafundi wazoefu, wengine walikuwa wamekaa benchi zaidi ya nusu ya umri wao, na ilikuwa wazi tangu mwanzo kwamba ujuzi wetu wa mikono haukuwa na shaka. Kilichotutoa jasho ni vitabu: anatomia ya kichwa na shingo, magonjwa ya kinywa, dawa na athari zake, udhibiti wa maambukizi. Ninakumbuka mwenzangu mmoja, fundi hodari sana, akiuliza kwa nini ajue dawa za kuimarisha mifupa ikiwa yeye hang'oi meno. Mkufunzi alimjibu kwamba mgonjwa anayetumia dawa hizo akipata kidonda kinachosababishwa na meno ya bandia yanayombana, mfupa wa taya unaweza kuachwa wazi na usipone kwa urahisi. Baada ya jibu hilo sote tulianza kuzisoma orodha za dawa za wagonjwa kwa jicho jingine. Dawa nyingi za shinikizo la damu na za msongo wa mawazo hukausha mate, na meno ya bandia ya juu hushikamana na kaakaa kwa msaada wa utando mwembamba wa mate. Mgonjwa akisema meno yake yameanza kulegea mwaka huu ilhali yalimkaa vizuri miaka yote, swali la kwanza siku hizi si kuhusu meno, bali ni kama kuna dawa mpya aliyoanza kutumia.

Kuhusu usafi wa vyombo sitasema mengi, kwa kuwa ni mambo ya kufuata kanuni. Vyombo huoshwa, hufungwa, hupikwa kwa mvuke wa nyuzi joto 134 chini ya shinikizo, na kila mzunguko wa mashine huandikwa. Kila kipimo kinachotoka kinywani husuuzwa na kuwekwa dawa kabla ya kuingia maabara. Fundi aliyekuwa akipokea vipimo kwa imani kwamba vimeshasafishwa hujifunza haraka sana kutomwachia mtu mwingine imani hiyo.

Nikirudi kwenye kinywa chenyewe, jambo lililonishangaza ni kwamba sehemu zote nilizozijua kwa macho ilibidi nizijue upya kwa kidole. Kwenye jasi, taya la chini lisilo na meno ni mgongo mwembamba wenye umbo la kiatu cha farasi, na fundi huona wazi mahali akriliki inapopaswa kuishia. Kinywani mgongo huo umefunikwa na ufizi ambao mahali pengine ni mgumu na mahali pengine unabonyea kama haujashikwa na kitu chini yake. Ulimi unausukuma kutoka ndani, shavu linausukuma kutoka nje, na sakafu ya kinywa inapanda na kushuka kila mara mtu anapomeza. Mkufunzi wangu alinishika mkono akanipitisha kidole kwenye ile rafu ya mfupa iliyo kati ya mgongo wa taya na shavu, mahali ambapo magego yalikuwapo zamani, akaniambia hapo ndipo mzigo wa kutafuna unapaswa kubebwa, kwa kuwa mfupa wake ni mgumu na hauliwi haraka. Nilikuwa nimeifunika rafu hiyo kwa akriliki kwenye vielelezo visivyohesabika bila kujua kwa nini niliagizwa kuifunika.

Kaakaa nalo lina siri yake. Meno ya bandia ya juu yanapaswa kuishia mahali ambapo kaakaa gumu linakwisha na kaakaa laini linaanza kutikisika. Kwenye jasi mstari huo hauonekani, na fundi hukisia au hufuata alama aliyochorewa. Kinywani unamwomba mgonjwa aseme "aaa" kwa vipindi vifupi, unatazama mahali pale panapotikisika, unachora kwa kalamu maalumu, na alama hiyo inahamia kwenye kipimo. Ukiishia mbele ya mstari, hewa inapenya na meno yanadondoka mgonjwa anapocheka. Ukivuka, mgonjwa anataka kutapika. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni milimita chache tu, na wakati wote nilipokuwa maabara nilikuwa nikizikata au kuziongeza milimita hizo bila kumwona mtu.

Kipimo cha mwisho cha taya lisilo na meno hakichukuliwi kwa trei ya kununua. Kwanza unachukua kipimo cha awali kwa alginati, ute wa unga na maji unaoganda kinywani, unatengeneza trei ya mgonjwa huyo peke yake, halafu unaipunguza kingo zake zibaki kama milimita 2 kabla ya kufika kwenye mkunjo wa shavu. Nafasi hiyo unaijaza kwa kompaundi ya kijani inayolainika kwa moto: unapasha kijiti juu ya taa, unakipaka kwenye ukingo wa trei, unakichovya kwenye maji ya uvuguvugu ili usimuunguze mtu, unaingiza trei kinywani, na mgonjwa anafanya kazi iliyobaki. Anachezesha midomo kana kwamba anapiga mluzi, anatabasamu, anatoa ulimi nje, anaupeleka kushoto na kulia. Misuli yake yenyewe ndiyo inayochonga kingo. Ukitoa trei, kompaundi iliyochongwa vizuri inakuwa na ukingo wa mviringo usio na mng'aro, na pale ambapo vile vigozi vinavyounganisha mdomo na ufizi vimepita, pana mfereji mdogo ulio wazi. Unapasha tena, sehemu kwa sehemu, hadi unapovuta mpini wa trei ukahisi imeshikilia. Nilipohisi mvutano huo kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini baadhi ya vipimo vilivyokuja maabara havingeweza kamwe kuzaa meno yanayoshika, hata fundi angekuwa hodari namna gani.

Hatua niliyoiona ngumu kuliko zote, na ambayo bado naiheshimu kuliko zote, ni kupima uhusiano wa taya mbili. Mtu aliyepoteza meno yote hana tena kitu kinachomwambia taya la chini lisimame wapi. Mtaalamu ndiye anayeamua umbali kati ya pua na kidevu, na uamuzi huo ndio utakaompa mtu sura yake, matamshi yake na uwezo wake wa kutafuna. Tunatumia kingo za nta zilizowekwa juu ya bamba la muda. Ukingo wa juu unakatwa hadi uende sambamba na mstari wa mboni za macho ukimtazama mtu kwa mbele, na sambamba na mstari unaotoka kwenye bawa la pua kwenda kwenye kinundu cha sikio ukimtazama kwa ubavu. Kisha unapima umbali wa taya likiwa limepumzika na umbali wake mtu anapouma, na kati ya vipimo hivyo viwili inatakiwa ibaki nafasi ya milimita 2 hadi 4. Nafasi hiyo ndiyo pumziko la misuli. Ikikosekana, meno yanagusana saa zote, ufizi unauma, uso unaonekana umekaza na mtu anachoka kuongea. Ikizidi, kidevu kinapanda kuelekea pua, pembe za midomo zinajikunja na kulowa mate, na mara nyingi fangasi huota hapo.

Nilijifunza hatua hii vizuri zaidi kutoka kwa mama mmoja mwenye asili ya Kivu Kusini, aliyekuwa ameishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Australia. Kwenye kliniki ya chuo aliandikiwa kuwa mgonjwa wangu. Mkufunzi alisisitiza kwamba maelezo ya matibabu na ridhaa yapitie kwa mkalimani wa simu, ingawa mimi na mgonjwa tulielewana, kwa kuwa mwanafunzi hapaswi kuwa mkalimani wa mgonjwa wake mwenyewe. Alikuwa sahihi, na bado nafuata utaratibu huo. Lakini mkalimani alipokata simu na mimi nikamwamkia, "Shikamoo mama," yule mama aligeuka akanitazama vizuri, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na mabega yake yakashuka. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kushuka kwa mabega yale kulikuwa sehemu ya kipimo. Mtu aliyekakamaa kwa hofu hawezi kulilegeza taya lake, na taya lisilolegea linakupa umbali wa uongo.

Siku ya kujaribisha, meno yakiwa yamepangwa juu ya nta bado hayajapikwa, nilimvisha nikamwomba ahesabu. Wakufunzi hapa huwaambia wagonjwa wahesabu kwa Kiingereza kuanzia hamsini (fifty), kisha kuanzia sitini (sixty), ili wasikilize sauti za f na s. Mimi nilimwomba aanze sitini na kuendelea. Alipofika "sitini na sita, sitini na saba" nilisikia meno yakigongana. Kwa sauti ya s meno ya juu na ya chini yanapaswa kukaribiana sana bila kugusana, hivyo mgongano ule ulionyesha kwamba nafasi ni finyu. Nilimwomba aseme "fimbo" na "vifaa" ili nione ncha za meno ya juu zinagusa wapi kwenye mdomo wa chini, na hapo mambo yalikuwa mazuri. Nikamuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Alitafakari kidogo akasema, "Mwanangu, hii meno iko mingi mu kinywa."

Sentensi ile ilinitosha kuwa utambuzi kamili. Mgonjwa aliyeinuliwa kimo cha taya kupita kiasi hujihisi kinywa kimejaa, na mara nyingi hulieleza hilo kwa maneno ambayo mtu mwenye haraka atayachukulia kuwa ni manung'uniko ya mtu asiyezoea. Tulipima upya kwa kumwacha aseme "mama" taratibu na kubaki na midomo imefumba bila kukaza, na nafasi ya mapumziko ilikuwa milimita 1 tu. Kwa kuwa meno yalikuwa bado kwenye nta, tuliondoa magego ya chini, tukaweka nta laini mahali pake, tukarekodi upya namna anavyouma, na kazi ikarudi kwenye atikuleta, kile kifaa chenye bawaba kinachoshikilia vielelezo viwili na kuiga mwendo wa taya. Jaribio la nta liko kwa ajili hiyo hasa, na ninawasihi wenzangu wasilifupishe kwa sababu ya foleni.

Mama yule alikuwa na neno la pili. Alishika kioo, akatabasamu, akauliza mwanya wake uko wapi. Alikuwa amekuja na picha ya ujana wake, na kweli, kati ya meno mawili ya mbele palikuwa na mwanya mzuri ambao mtu yeyote wa kwetu angeusifu. Karatasi yetu ya maagizo haikuwa na sehemu ya kuandika jambo kama hilo, na mimi mwenyewe katika miaka yangu ya maabara nilifunzwa kufunga kila pengo na kupanga meno yaliyonyooka pande zote. Tulilainisha nta, tukayatenganisha yale meno mawili kwa takriban milimita 1, tukaligeuza kidogo jino la pembeni kama lilivyokuwa kwenye picha, naye akaridhia kwa maandishi. Tangu hapo huwa naomba picha kabla sijapanga hata jino moja. Wazee wengi hawataki meno ya kijana wa tangazo la dawa ya meno. Wanataka wajukuu wao wawatambue.

Kuhusu kupika akriliki, hapo ndipo sisi tuliotoka benchi tulipokuwa na faida kubwa. Tulijua kwamba monoma, kile kimiminika cha akriliki, ikichemka ndani ya flaski, chombo cha chuma cha kupikia, huacha vitundu, ndiyo maana joto hupandishwa polepole na hukaa muda mrefu karibu na nyuzi 74 kabla ya kufikishwa 100. Tulijua pia kwamba mchanganyiko wa poda na kimiminika husinyaa kwa takriban asilimia 7 ya ujazo, na kwamba kusinyaa huko hulivuta bamba la kaakaa upande wa nyuma, mahali pale pale panapohitaji kushika zaidi. Mtaalamu anayejua hayo huchonga mfereji mdogo wa ziada kwenye kielelezo kufuata ule mstari wa kaakaa, ili akriliki iminye kidogo ufizi laini na kufidia kilichopotea. Ninaamini kwa dhati kwamba anayetibu na kutengeneza kwa mikono yake mwenyewe anaona uhusiano huu kwa namna ambayo watu wawili waliotenganishwa na kisanduku cha plastiki hawawezi kuuona kwa urahisi.

Nilidhani siku ya kumvisha mgonjwa meno yaliyokamilika ndiyo mwisho wa kazi. Sivyo. Mgonjwa hurudi ndani ya siku moja hadi tatu, na karibu kila mmoja hurudi na mahali panapomuuma. Unamwomba avae meno kabla ya kuja hata kama yanauma, la sivyo kidonda kitakuwa kimefifia na hutajua pa kusaga. Unapaka dawa nyeupe ya kuonyesha shinikizo, unavisha, unatoa, na pale ambapo rangi imefutika ndipo akriliki inapobonyeza. Unasaga kidogo sana. Fundi ndani yangu alitaka kusaga hadi alama yote iondoke, lakini anayesaga mno leo huleta ulegevu wa kesho. Na kabla ya kusaga ndani, unaangalia kwa karatasi ya rangi kama meno yanagongana sawasawa pande zote mbili, kwa sababu mara nyingi kidonda cha upande wa kushoto kinaletwa na gego refu la upande wa kulia.

Lazima pia umwambie mtu ukweli kuhusu kile ambacho meno ya bandia hayawezi. Nguvu ya kuuma ya mtu mwenye meno ya bandia kamili ni kama robo au chini ya robo ya mtu mwenye meno yake. Mfupa wa taya usio na meno huendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Uchunguzi wa mtafiti Tallgren uliochapishwa mwaka 1972, uliowafuatilia watu kwa miaka 25, ulionyesha kwamba upande wa mbele wa taya la chini hupungua takriban mara 4 kuliko wa taya la juu. Ndiyo maana mgonjwa husifu meno ya juu na kulalamikia ya chini, na ndiyo maana vipandikizi viwili vya titani upande wa mbele wa taya la chini, vinavyowekwa na daktari, vinaweza kubadilisha kabisa maisha ya anayeweza kuvimudu. Wengi hawavimudu. Matibabu ya meno ya watu wazima kwa sehemu kubwa hayamo katika bima ya taifa ya Medicare, na wenye kipato kidogo hutegemea huduma za umma za majimbo, ambazo zina foleni. Kumweleza mtu mapema kwamba atajifunza kula upya, akianza na vyakula laini vilivyokatwa vidogo na kutafuna pande zote mbili kwa pamoja, humpunguzia fadhaa ya wiki za kwanza.

Kuna somo jingine ambalo lilibadilisha namna ninavyoketi mbele ya mgonjwa. Mzee mmoja alikuja kutaka meno yake ya chini yawekwe bitana mpya kwa kuwa yalilegea. Utaratibu unatutaka tuchunguze kinywa chote kabla ya kugusa meno: midomo, mashavu, kaakaa, sakafu ya kinywa, na ulimi unaoshikwa kwa kitambaa na kuvutwa pande zote mbili. Pembeni mwa ulimi wake, nyuma kabisa, palikuwa na kidonda kigumu chenye kingo nyekundu na nyeupe ambacho hakikumuuma, na alisema kimekuwapo tangu kabla ya sikukuu. Kidonda cha kinywani kisichopona ndani ya wiki mbili baada ya kuondolewa kinachokisugua hakisubiriwi. Mkufunzi alikitazama, akaandika rufaa ya haraka siku hiyo hiyo, na hatukugusa meno. Watu wengi wasio na meno huacha kumwona daktari wa meno, wakiamini hawana tena cha kutibiwa, hivyo mtaalamu wa meno ya bandia anaweza kuwa mtu pekee anayetazama kinywani mwao kwa miaka mingi. Sijui kazi nyingine niliyopewa darasani iliyokuwa na uzito kama huo.

Sehemu ya mafunzo kwa vitendo tuliifanya katika nyumba za kulelea wazee. Huko meno ya bandia hupotea kila mara: hufungwa ndani ya shuka zikaenda kufuliwa, husahaulika kwenye trei za chakula, huchanganywa ya mtu huyu na ya yule kwenye beseni moja la kuoshea. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kusema kwamba haya si yangu; anayakataa tu, kisha anaacha kula. Kwa hiyo tulifundishwa kuweka jina ndani ya meno. Unachonga kijitaro kidogo kwenye akriliki, upande wa shavu nyuma ya magego, unalaza ukanda mwembamba ulioandikwa jina, unafunika kwa akriliki angavu, unasaga na kung'arisha hadi ulimi usihisi kitu. Ni kazi ya dakika chache na gharama yake ni ndogo mno. Siku hizi naifanya kwa kila mgonjwa mzee anayekubali, na sisubiri mpaka ahamie huko.

Baada ya kuhitimu, usajili unakuja na wajibu wake: bima ya kitaaluma, rekodi za wagonjwa zinazoweza kukaguliwa, mafunzo endelevu ya saa 60 katika kila kipindi cha miaka mitatu, na kuhuisha usajili kila mwaka mwishoni mwa Novemba. Teknolojia nayo inakimbia. Meno mengi sasa yanachorwa kwenye kompyuta na kuchongwa kwa mashine kutoka kwenye bamba la akriliki lililokwishapikwa, na hivyo tatizo la kusinyaa linapungua sana. Ninazipokea mashine hizo kwa furaha, lakini skana haimwoni mtu akikakamaa kitini na haimsikii akisema kinywa kimejaa.

Kwa fundi wa maabara anayefikiria njia hii, ningeshauri kabla ya kulipa ada aende kwenye chuo anachokitaka akaulize mambo ya hakika: mwanafunzi mmoja humhudumia mgonjwa yule yule kuanzia mwanzo hadi ufuatiliaji au wagonjwa hugawanywa hatua kwa hatua, msimamizi mmoja husimamia wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, wagonjwa wa kliniki hutoka wapi, na je, chuo kinafika kwenye nyumba za wazee. Aulize pia kama kozi yenyewe imeidhinishwa na Bodi, kwa sababu cheti cha kozi isiyoidhinishwa hakimpi mtu usajili hata awe na mikono mizuri kiasi gani. Na kwa mwajiri wake wa maabara aombe mapema saa za kazi zinazobadilika, kwa kuwa wagonjwa wa kliniki huja mchana, saa zile zile ambazo jasi huwa linasubiri kumwagwa.